Vifaa Havikuwa na Kosa

Muhtasari wa mradi wetu wa miguu bandia, ambao hadi leo hupewa wageni na wanafunzi wanaofika katika taasisi niliyoitumikia mpaka kustaafu, unaeleza kwamba vipimo vya awali vya Kilosa vilikuwa na dosari, kwamba vifaa vilirekebishwa, na kwamba vipimo vya Mikumi vikatoa picha sahihi. Nimeusoma muhtasari huo mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Maelezo ya kwanza ni kweli. Ya mwisho ni kweli. Ya katikati si kweli, na mwenye dhamana ya vifaa hivyo nilikuwa mimi. Havikurekebishwa, kwa sababu havikuwa na kosa. Kilichoondolewa ni kiti.

Nimeomba sentensi hiyo ibadilishwe. Nimejibiwa, kwa adabu ya vijana wanaotaka mzee akapumzike, kwamba jambo lenyewe ni dogo na lilikwisha kupita. Mimi sioni kuwa ni dogo. Kwa hiyo nalieleza hapa, kwa utaratibu wake.

Nilizaliwa Lumuma, milimani, katika nyumba iliyoamshwa na kengele ya kanisa. Njia ya kwenda shule ya misheni ilikuwa mteremko mtupu, nami nilikua nikitazama visigino vya wanawake waliotangulia na mizigo kichwani. Niliweza kumtambua anayekuja nyuma ya migomba kabla hajaonekana, kwa mlio wa hatua zake tu. Sikujua kwamba huo ungeweza kuwa ujuzi. Hesabu nilizipenda, mwalimu wa jiometri akanipenda mimi kwa sababu hiyo, na njia ikaendelea kuteremka hadi chuo kikuu na baadaye maabara.

Niliporudi nyumbani likizo ya kwanza baada ya kuajiriwa kuwa mhandisi mtafiti wa biomekanika, shangazi yangu aliniketisha jikoni akataka maelezo.

"Mhandisi wa barabara?"

"Hapana, shangazi. Wa mwendo wa mwanadamu. Tunatengeneza miguu ya waliokatwa."

"Miguu nayo ina mhandisi! Basi Mungu mmemwachia kazi gani?"

"Ile ya kwanza, shangazi. Sisi tunashika ya pili."

"Haya. Mkifika kwenye magoti mnikumbuke."

Hatukufika kwenye magoti. Miaka yangu mingi ya utumishi ilikwenda kwenye unyayo. Nyayo bandia zilizotufikia kwa misaada zilikuwa zimebuniwa kwa ajili ya watu wanaovaa viatu vya kufungwa na kukanyaga sakafu. Zikiingia kwenye jaruba la mpunga, maji hupenya, povu la ndani huoza, na kabla ya mavuno mwenye mguu amerudi kwenye magongo. Niliwaona watu wengi wa namna hiyo katika huduma za utengamao, yaani za kuwarejesha waliokatwa kwenye shughuli zao. Kwa hiyo nikabuni, pamoja na wenzangu, unyayo wa mpira usiopitisha maji, unaoweza kukanyagwa bila kiatu, na unaojipinda kidogo pembeni mtu anapopita juu ya tuta. Tuliuita unyayo wa shamba. Maabara tulikuwa na mashine iliyoukanyagisha mchana kutwa, na mlio wake ndio ulionizoesha kutokula chakula cha mchana kwa utulivu.

Unyayo wa shamba ulikuwa na kasoro moja: ni mzito. Mtu dhaifu unamchosha, na unaweza kumwangusha. Hivyo mradi ulikuwa na aina mbili, huo wa shamba na mwingine mwepesi tulioupa jina la unyayo wa ndani, na aina ya kumpa mtu iliamuliwa kwa vipimo. Anayetembea kwa hatua fupi, polepole, asiyesukuma ardhi kwa nguvu, alipewa wa ndani. Utaratibu huo si wa kijinga. Niliusaidia kuuandaa na bado ninautetea.

Tulipofika Kilosa tulipewa ukumbi upande wa Mabwerebwere, wenye sakafu nzuri ya saruji na madirisha ya nondo. Tulitandika njia ya vipimo, yaani mkeka mrefu wenye vihisi ndani yake vinavyosoma kila kishindo cha unyayo, na kando yake tukasimamisha kamera. Asubuhi ile ya kwanza kila aliyefika ukingoni mwa mkeka alivua viatu. Hakuna aliyewaambia wavue. Mkeka ni mkeka, na mtu aliyelelewa haukanyagi kwa viatu. Mguu bandia hupangwa kulingana na kimo cha kiatu, na ukivuliwa mwili wote hulala nyuma, hivyo tulilazimika kuwabembeleza wazazi wenye mvi wakanyage mkeka wetu kwa kandambili. Walikubali kwa nyuso za watu wanaoshuhudia ulimwengu ukiharibika. Mkuu wa mradi alicheka sana. Alisema hayo ndiyo mambo ambayo mtafiti wa kigeni asingeyaona.

Kisha akaketi. Mkuu wetu alikuwa msomi wa sifa, mwenye nywele nyeupe zote, mrefu, mwenye sauti ya kuhutubia. Alipenda kumtazama anayetembea kutoka mbele, uso kwa uso, kama daktari amtazamavyo mgonjwa anapoingia. Kwa hiyo kiti chake, kiti cha mbao chenye mikono kilichotolewa ofisi ya jirani kwa heshima yake, kiliwekwa mwisho wa mkeka. Kila aliyepimwa alitembea kumwelekea yeye.

Miongoni mwa waliopimwa alikuwapo mwanamke mmoja wa Munisagara, mkulima, mjane, wa umri wa kutosha kuwa na watoto wakubwa. Aliumwa na nyoka bondeni akipalilia, na mguu wake wa kulia ukakatwa chini ya goti. Alifika ukingoni mwa mkeka amevaa kanga mbili safi, na chini yake mguu bandia wa majaribio tuliomfunga asubuhi hiyo. Mkononi alikuwa na kikapu cha maandazi aliyotuletea.

Aliposimama mwanzo wa mkeka, Mkuu alimwonyesha ishara aje. Mwanamke yule aliinama kidogo, akashusha macho, akaja. Alipofika alipiga goti, lile zima, na kusema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Hujambo? Sasa rudi, uje tena. Tembea kama kawaida."

"Ndiyo, baba."

Alirudi, akaja tena. Akaja tena na tena. Kwenye kompyuta hatua zake zilionekana fupi, za polepole, kishindo cha kisigino hakipo kabisa. Grafu ilikuwa safi kama ya kitabuni. Mkuu aliitazama, akamtazama mwanamke, akatamka neno moja: "Ndani." Mwanamke alisema asante, akatoka kwa hatua zile zile.

Si yeye peke yake. Karibu wanawake wote wa uwandani waliopimwa siku hizo walitoa grafu ya namna hiyo, na Mkuu alikwisha kuanza kusema, wakati wa chai, kwamba huenda unyayo wa shamba haukuhitajika kwa kiwango tulichodhani. Nilisikia, nikaendelea kukoroga chai yangu. Mtumishi hapingi hitimisho kwa kuwa linamuuma. Hulipinga akiwa na hoja, na wakati ule sikuwa nayo.

Nilimkuta mwanamke yule nje, ameketi kwenye msingi wa ukumbi, ameushika unyayo wa ndani aliopewa kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

"Mama," aliniuliza, "huu wa ndani maana yake ni wa kukaa ndani?"

"Ni wa nyumbani. Sokoni pia unafika, na msikitini. Majini usiingie nao."

"Shamba langu liko mtoni. Shemeji yangu amenena mbele za watu kwamba masika yakinikuta kibarazani, atalilima yeye. Amesema ardhi haimngojei aliyeketi."

"Na akishalilima?"

"Mama, wewe umeona wapi mtu akilima mwaka mmoja akaondoka?"

Nilimwambia nitaangalia, neno ambalo watumishi wa umma hulisema wanapokuwa hawajui la kufanya, nikarudi ndani kufungua kamera. Mkuu alikuwa amekwenda kula.

Fundi wetu wa viungo bandia, kijana mnene mwenye maneno mengi, alikuwa mtani wa mwanamke yule. Makabila yao yanataniana tangu enzi ambazo hakuna aijuaye, na kwa watani hakuna shikamoo wala kuinama. Asiyetukana ndiye aliyekosa adabu. Kupitia dirishani nilimsikia.

"We mtumwa wangu, umeletewa mguu mpya badala ya kushukuru umenuna? Lete hayo maandazi, hujui hata kuyakaanga, tuwape mbwa."

"Weka kikapu chini. Nimesema weka! Hayo ni ya watu, si ya mlafi kama wewe."

"Nifuate basi. Si umeambiwa wewe ni mtu wa ndani? Utanipatia wapi?"

Alikimbia na kikapu kuelekea lango. Na mwanamke yule, ambaye kompyuta yangu ilikuwa bado inamwonyesha kama kiumbe dhaifu, aliinuka, akakaza kanga kiunoni, akamfuata. Alivuka uwanja ule wa kokoto kwa hatua ndefu, kisigino kikipiga chini kwanza, kidole kikisukuma mwisho, mabega yamenyooka. Alimpata langoni. Nilisikia kofi likitua mgongoni mwa fundi, na vicheko vya wote wawili.

Nilibaki na bisibisi mkononi. Niliyaona yote kwa pamoja, kwa sababu nami nililelewa hivyo. Bibi yangu kule Lumuma asingeniruhusu kumwelekea mzee aliyeketi kwa hatua ya sokoni. Unapunguza mwendo, unalegeza magoti, unashusha macho, na miguu yako haipigi kelele. Wanawake wale waliambiwa watembee kama kawaida, na kwa hakika walitembea kama kawaida: kama inavyotembewa kawaida mbele ya mzee mwenye mvi kwenye kiti cha mikono. Vifaa vyetu vilikuwa vimepima heshima kwa usahihi mkubwa sana.

Nilimngojea Mkuu amalize kula na kunawa. Mimi mwenyewe nilikuwa mdogo kwake kwa umri na kwa cheo, na nilisimama mbele yake mikono nimeifunga nyuma, jambo ambalo nililitambua nikiwa nimekwisha kulifanya.

"Mkuu, naomba tuvirudie vipimo vya wanawake, na safari hii mwisho wa mkeka asiwepo mtu mzima."

"Mtu mzima? Una maana mimi?"

"Nina maana kiti, Mkuu."

"Mhandisi, pale mimi sikai kama mzee. Nakaa kama mtafiti."

"Ni kweli, Mkuu. Lakini wao hawana namna ya kumwamkia mtafiti peke yake wakamwacha mzee."

Nilimweleza nilichokiona uwanjani. Alisema kwamba kumkimbiza mwizi wa maandazi si kipimo kilichoidhinishwa. Alisema pia kwamba amefanya kazi hiyo tangu mimi nikiwa shuleni, na hilo lilikuwa kweli. Mwisho akasema kwamba wiki ijayo tutakuwa Mikumi, wachache wanaweza kuitwa huko warudie, ila yeye hawezi kufukuzwa katika mradi wake mwenyewe. Atakaa chumba cha pili, na skrini itahamishiwa huko.

"Utaridhika?"

"Nitaridhika, Mkuu. Asante."

Ukumbi wa Mikumi ulikuwa karibu na barabara kuu, na siku nzima malori yaliupita yakibadilisha gia hadi madirisha yakaitika. Kando ya ukumbi kulikuwa na chumba kidogo cha kuhifadhia viti, kimetenganishwa na pazia. Mkuu aliketi humo na skrini yake. Mwanamke wa Munisagara, aliyekuja kwa basi tangu alfajiri, niliwaambia yeye na wenzake wazi kwamba Mkuu yuko ng'ambo ya pazia na anatazama mistari tu. Mimi nilikwenda kusimama pamoja na Mkuu nyuma ya pazia, nikiwa nimeupa mkeka mgongo. Mwisho wa mkeka, pasipo kiti, alisimama fundi.

"Njoo basi, mguu mmoja!" fundi alianza. "Siku ukifa wewe tutakuzika kwa mafungu. Fungu moja tayari limekwisha tangulia."

"Tangulia wewe na tumbo lako," mwanamke alijibu akianza kutembea. "Nitakuja kucheza ngoma juu ya kaburi lako kwa mguu huu huu wa mpira, na watoto wako watanilipa."

"Kaburi langu hulifikii. Huoni unavyojikokota?"

"Nani anajikokota? Nani? Subiri nikufikie!"

Kwenye skrini mstari ulipanda. Hatua zilikuwa ndefu na sawia, kisigino kinaonekana, msukumo wa kidole unaonekana. Nilimwona Mkuu kwa pembeni amesogeza uso karibu na skrini, kama mtu anayesoma bila miwani. Mwanamke aligeuka, akarudi, akaanza safari nyingine, matusi yakiendelea pande zote mbili.

Ndipo vumbi la malori likamwingia Mkuu kooni. Akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha kawaida, cha mzee mwanamume, kizito, cha aina inayosikika kabla mwenyewe hajaingia uani. Mwanamke hakusimama. Sidhani kama hata aliamua chochote. Fundi alinyamaza katikati ya tusi, na mstari kwenye skrini ukashuka ghafla, hatua zikafupika, kisigino kikatoweka, yote kwa kufuata kikohozi kile. Baada ya hatua kadhaa fundi alipata tena ulimi, mwanamke akamjibu, na mstari ukapanda.

Mkuu aliutazama mstari ule. Kisha, kwa makusudi, akakohoa tena.

Ukashuka tena.

Napenda kuandika hili bila upungufu, kwa kuwa nimemlaumu na nitaendelea kumlaumu: alikuwa mwanasayansi wa kweli. Mtu mwingine angekikana kikohozi cha kwanza. Yeye alikirudia, kama inavyopasa, na alipopata jibu lile lile aliinuka, akaweka kofia kichwani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Tulimwona amesimama ng'ambo ya barabara kwa wachoma mahindi, mikono mfukoni, akitazama malori, mpaka mtu wa mwisho alipokwisha kupimwa. Jioni alirudi ndani akayapitia matokeo yote.

"Huyu wa Munisagara," alisema.

"Ndiyo, Mkuu."

"Shamba."

"Na wale wengine?"

"Waiteni wote warudie. Na kile kiti mkirudishe kwa wenyewe Kilosa, mseme asante."

Hilo lilikuwa neno la karibu zaidi na kukiri ambalo niliwahi kulisikia kutoka kwake. Muhtasari ulipotoka, ukiwa na jina lake juu, ulisema vifaa vilirekebishwa. Nilimwendea ofisini. Aliniambia kwamba wasomaji wa mbali wasingeelewa habari ya kiti, kwamba ingeleta mzaha, na kwamba waliokosewa wamekwisha kupata nyayo zao. Nilimwambia kwamba mtafiti atakayekuja baadaye, akisoma kuwa kosa lilikuwa la vifaa, atanunua vifaa bora zaidi na kuweka kiti pale pale. Alisema, "Mhandisi, unapenda sana kubishana." Nikatoka. Nilistaafu nikiwa na malalamiko hayo yote, na nimeyatunza vizuri.

Masika yaliyofuata nilipita Munisagara kukagua nyayo zinavyostahimili tope. Reli ilikuwa imelowa, mto umejaa, na bonde lote lilikuwa kijani kibichi cha mpunga uliokwisha kushika. Niliambiwa mwanamke yule yuko shambani kwake. Mtu aliyenielekeza alisema "kwake" bila kusita, nikalizingatia neno hilo. Nilisimama mwanzo wa tuta, kiatu changu kikizama.

Alikuwa mbali, kichwani amebeba fungu la majani. Alikuja juu ya tuta jembamba lililopindapinda, tope mpaka kwenye vifundo, na unyayo ule ukajipinda pembeni pale tuta lilipolala, ukajinyoosha, ukasukuma. Hakuwa ameniona. Ile ilikuwa hatua niliyoitafuta maabara tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sikuwa na kamera.

Kisha akaniona. Mabega yalishuka, macho yakaenda chini, hatua ikafupika, na tuta lile jembamba likawa ghafla safari ndefu. Alipofika alitua mzigo na kupiga goti kwenye tope.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Shamba linaonekanaje?"

"Linaonekana, mama, kama unavyoliona. Shemeji alipita juzi kutazama. Akanisalimu, akaenda zake."

Nilikagua unyayo, nikaushika, nikauliza maswali yangu, akajibu yote. Haukuwa umepasuka popote. Aliomba ruhusa apeleke majani nyumbani kabla mvua haijarudi. Nyumba yake ilikuwa nyuma yangu, na njia ilipita nilipokuwa nimesimama.

Nilishuka pembeni mwa tuta, nikampa mgongo, nikaelekeza uso mtoni, ili apite kwa hatua yake mwenyewe.